Tairi za Mbele

Ile alasiri ya mvua ya mawe naikumbuka, mwanangu, kana kwamba naitazama kutoka hapa nilipoketi. Na kabla sijafungua hiki kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ulichoniletea nikubarikie gari lako jipya, utaketi unisikilize. Hiyo simu itie mfukoni. Chai utakunywa baadaye.

Nimelizunguka gari lako. Najua ulidhani mzee ameenda kulisifu. Nyuma umeweka tairi mbili kubwa zenye meno ya kulimia shamba, maandishi meupe ubavuni, tena umezipaka dawa zing'ae. Mbele umeacha zile za zamani lilizokuja nazo, zimeisha mpaka zimekuwa kipara kama changu. Nilipokuuliza ukacheka, ukasema, "Baba mdogo, za mbele nitanunua nikipata. Nguvu ya gari iko nyuma." Uliniona nikigeuka na kuondoka ukafikiri ni uzee. Haukuwa uzee. Maneno hayo hayo nilishayasikia kutoka kwa baba yako, hapa hapa uani, wewe ukiwa bado hujazaliwa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Pikapu ilikuwa ya baba yako, kwa sababu yeye ndiye kaka yangu mkubwa, lakini aliyeiendesha ni mimi. Asubuhi tulipeleka maziwa mpaka kwenye lami. Mchana tulibeba majani ya chai, yetu na ya majirani, kwenda kituo cha kuuzia upande wa Mogogosiek, na ukichelewa majani yanaungua kwa joto ndani ya gunia na karani anayakataa. Siku nyingine tulishuka Sigor kuchukua mahindi, kule kwenye udongo mweusi unaoshika gurudumu kama uji wa jana. Jumapili tuliwabeba akina mama wa kwaya. Na mtu akizidiwa usiulize, ni pikapu hiyo hiyo iliyomkimbiza hospitali.

Sasa gari la namna hiyo linataka tairi gani? Nilimwambia baba yako mara nyingi mpaka akachoka na mimi. Nilimwambia, ndugu yangu, gari hili linakanyaga lami, linakanyaga murram ya changarawe, linakanyaga tope, yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Tafuta tairi za kati, zisizo laini kama za teksi ya mjini wala zenye meno kama za trekta. Na ziwe nne, za aina moja. Akaniambia subiri bonasi ya chai ije, yale malipo ya mwisho wa mwaka.

Bonasi ikaja. Wewe unaijua bonasi inavyowafanya watu wa huku. Mwaka mzima mtu anakula kwa adabu, bonasi ikifika anavimba kichwa. Baba yako akaenda mjini, na jioni tukasikia honi tangu kule kwenye daraja. Alikuwa amefungiwa bamba la kung'aa mbele ya pikapu, redio ya kaseti ndani, na nyuma tairi mbili za meno, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa nazo na watu wote walizisifu kanisani. Za mbele hakununua. Alizipeleka kwa fundi akazichonga.

Labda wewe hujaona tairi ya kuchongwa. Fundi anachukua kisu, anakipasha moto, halafu anachora mistari mipya kwenye tairi iliyokwisha. Mpira wenyewe umebaki mwembamba, yeye anaupunguza zaidi, ili mtu akitazama aseme kumbe ina meno. Akimaliza anaipaka rangi ya viatu. Mimi niliinama nikaona nyuzi za ndani zikichungulia kwenye mfereji wa kisu. Nilijaa hasira hata chakula cha jioni sikula.

Kesho yake baba yako akaita watu. Mama yako alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na alikuwa amekaa kwenye kigoda anacheka na wenzake. Desturi yetu unaijua: kitu kipya kikiingia bomani, mzee anakinyunyizia mursik kutoka kinywani na kukitamkia mema. Mzee wetu alikuwa Kogo, nyanya yetu aliyetulea mimi na baba yako, mkunga wa mlima huu wote. Wengi wenu mnaojiita wanaume leo, mikono ya kwanza kuwashika ilikuwa yake.

Kogo akashika kibuyu, akaizunguka pikapu polepole kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alipofika mbele akainama, akapitisha kiganja juu ya tairi. Kiganja kikatoka cheusi. Akakitazama, akakinusa, akamgeukia baba yako.

"Hii ni rangi ya viatu."

"Ni ya kupendezesha tu, Kogo."

"Na hawa wa mbele ndio wanaoonyesha gari njia?"

"Ndio, lakini nguvu iko nyuma. Injini inasukuma nyuma."

Kogo akaweka kibuyu chini. "Mimi nimelima na maksai kabla baba yako hajaota meno," akasema. "Sijawahi kumfunga ng'ombe kiguru mbele ati kwa sababu yule wa nyuma ana nguvu. Unataka nimwambie Mungu nini juu ya gari hili? Nimdanganye na wewe? Mursik wangu sitautemea rangi ya viatu."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Na baba yako, kwa kuona aibu mbele ya wageni, akaokota kibuyu, akajaza kinywa, akajitemea mursik mwenyewe juu ya boneti, kisha akawasha redio. Mimi tangu nizaliwe sikuwa nimeona mtu akijibariki mwenyewe. Hata waliocheka, walicheka wakiangalia chini.

Nisikilize vizuri hapa, maana mama yako hawezi kukusimulia na baba yako hataki.

Mvua ya mawe ya huku kwetu haipigi hodi. Mchana jua linawaka, wachunaji wako shambani, halafu upepo unageuka baridi na mara shamba lote ni jeupe. Siku hiyo ilimwagika mpaka barabara ikawa imetandikwa mawe ya barafu, meupe juu, tope jekundu chini. Na hiyo ndiyo saa uchungu ulipomshika mama yako. Kogo alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa kupelekwa hospitali ya Longisa sasa hivi. Nilinyoosha mkono nipewe ufunguo. Baba yako akasema ni mke wake, ataendesha yeye.

Mama yako na Kogo walikaa mbele. Mimi nilipanda nyuma juu ya magunia matupu ya chai. Tukaenda vizuri mpaka ule mteremko wa kuelekea mtoni, pale barabara inapokata kona katikati ya chai. Nilimwona baba yako kupitia kioo akizungusha usukani. Aliuzungusha wote. Gari halikugeuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameangalia upande wa kona kabisa, na sisi tunateleza kwenda mbele moja kwa moja, taratibu, kama sahani juu ya meza iliyomwagikiwa maji. Tuliruka mtaro, tukaingia ndani ya chai. Miti ya chai ndiyo iliyotushika.

Hakuna aliyevunjika kitu. Ndipo baba yako akaanza kukanyaga mafuta ili turudi barabarani, na zile tairi zake za meno zikachimba, zikachimba, zikatupa tope mpaka juu ya paa. Kila alivyokanyaga ndivyo gari lilivyozama. Nguvu ilikuwepo nyuma, hakusema uongo. Mama yako alikuwa analia ndani ya gari, anamwita mamake.

Alijifungulia pale, mwanangu. Katikati ya safu mbili za chai, juu ya magunia, mawe ya barafu bado yanaanguka. Wachunaji waliokuwa wamejikinga kwenye banda la majani walikuja mbio. Wanawake wakavua zile karatasi za plastiki wanazojifunga kiunoni wakichuna, wakazishika juu kama paa, wakasimama wao wenyewe kwenye mvua. Hao watu sikuwajua majina, na wengine walikuwa wametoka mbali kuja kufanya kazi huku. Kogo alipigana na ule uzazi kwa mikono yake miwili, na mtoto akatoka. Msichana. Akalia kidogo. Kogo akamwita Cherop, kwa kuwa alizaliwa mvuani, akamtia kifuani ndani ya nguo zake.

Tulimpandisha mama yako barabarani kwa blanketi, wanaume kila pembe. Trekta ya shamba la jirani ikatubeba mpaka kwenye lami, na huko mwenye gari akatuhurumia. Cherop alikuwa hai tulipoiacha murram. Hatukuwa tumefika Longisa Kogo alipoacha kumsugua mgongo. Alifunga tu kitenge. Hospitali walimpokea mama yako wakamwokoa, na kwa hilo nitawashukuru mpaka nife. Mtoto hakuwa na wa kumwokoa tena. Alikuwa dada yako, na wewe umekua ukiambiwa ilikuwa bahati mbaya.

Siku ya mazishi watu walisema yale yanayosemwa. Baba yako akasimama, macho mekundu, akasema ni mapenzi ya Mungu. Kogo alikuwa ameketi chini na wanawake. Akainuka, na alikuwa mtu ambaye magoti yalishamkataa.

"Wewe," akamwambia, "usimsingizie Mungu mbele yangu. Mungu hakuchonga tairi ile. Mungu hakuipaka rangi ya viatu. Alikupa macho, akakupa bonasi, akakupa ndugu anayekuambia ukweli kila siku, na mimi nikakukatalia baraka uani kwako. Ulitaka akuambie kwa kinywa cha nani tena?"

Hakuna aliyemnyamazisha, hata mhubiri. Mama yako ndiye aliyemshika mkono akamketisha. Tangu siku hiyo mvua ya mawe ikianza, mama yako hufunga mlango na kufungulia redio kwa sauti ya juu. Wewe na ndugu zako mlikuwa mnamcheka. Sasa umejua.

Baba yako nilimkasirikia, na sitakuficha, mpaka leo tukikaa pamoja kuna mahali maneno yetu hayafiki. Yule alikuwa hana aliyemtangulia kuteleza kwenye kona ile. Wewe unaye. Kila asubuhi unatoka hapa kwa murram, unashika lami mpaka Bomet kazini, mara mbili kwa wiki unashuka Sigor kuangalia shamba lako. Mke wako ana mimba kubwa, na mvua za alasiri zimeanza. Halafu unaniletea kibuyu na tairi mbili za kupigia picha.

Basi sikia, nitakwambia wazi. Usinunue tairi kwa sababu umeiona kwenye gari la mtu mwingine. Jiulize kwanza gari lako linalala wapi na linapita wapi kila siku. Meno makubwa ni ya mtu anayeshinda kwenye tope. Kwenye lami yenye maji na juu ya barafu hayashiki, kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo, tena yanalia njia nzima na kuisha upesi. Tairi laini za mjini zitakufikisha Bomet na kukuacha Sigor. Wewe unayepita kote nunua zile za kati, zenye herufi A na T ubavuni, na uangalie kama kila jino lina mikato midogo midogo, maana hiyo ndiyo hung'ata barabara iliyolowa. Ziwe nne, za aina moja, saizi iliyoandikwa kwenye mlango wa gari lako, si saizi ya kujionyesha. Soma tarehe ya kutengenezwa, imeandikwa ubavuni mwa tairi, mpira uliokaa dukani miaka ukakauka usiuchukue hata ukipewa bure. Na kama huwezi kununua nne leo, toa hayo meno, rudisha zile ulizozitoa nyuma kama bado zina uzima, na uende polepole au upande gari la watu mpaka upate. Wala usijaze upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe ati ndiyo inabeba zaidi.

Najua utasema mzee amekasirika. Nimekasirika, ndiyo. Hasira hii nimeitunza tangu chai ile, na ningetaka uichukue nusu uende nayo kwa muuza tairi.

Kibuyu chako kitabaki hapa kwenye rafu, sijakifungua na hakitaharibika. Rudi na tairi nne. Nitainama nizishike moja moja kwa kiganja changu, na kiganja kikitoka kisafi nitajaza kinywa mursik. Nitamwomba Mungu akufikishe na kukurudisha, akulindie mke wako, na mtoto wenu azaliwe mahali pakavu penye taa na watu wa kumpokea. Na akiwa msichana wa siku ya mvua, mpeni jina la dada yako, muulizeni mama yako kwanza, halafu mleteni nimwone.

Sasa kunywa chai yako, ondoka kungali mchana ukazitafute. Mke wako mwache hapa na sisi. Pale kwenye kona ya chai teremka polepole.