Soda Yangu ya Tangawizi Ilimlevya Mama Mkwe

Mwenzenu niliachika siku mama mkwe wangu alipopanda juu ya meza na kukata kiuno mbele ya mchungaji.

Mama mkwe mlokole, jamani. Yule ambaye hata hereni alikuwa anasema ni za shetani.

Na alilewa kwa soda yangu ya tangawizi.

Naitwa Enesi, kwetu Mbozi, ila niliolewa Tunduma na Yonathani. Yeye ni dereva wa kenta, anabeba mchele kutoka kwao Kamsamba kuleta mjini. Mimi nilikuwa natengeneza soda nyumbani na kuuza. Sijisifu, ila mpaka wamama wa Zambia walikuwa wanavuka kuja kuifuata.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka macho tu. Unaanza na mbegu. Tangawizi mbichi unaiparuza na ganda lake, unatia maji na sukari, unafunika kwa kitambaa. Kila siku unailisha kidogo mpaka itoe mapovu.

Halafu unachemsha tangawizi nyingine na mchaichai, unaacha ipoe kabisa, unakamulia ndimu, unatia sukari na ile mbegu, unajaza kwenye chupa za plastiki. Ukiiminya chupa ukakuta imekuwa ngumu, gesi imeingia. Hapo friji, haraka.

Ukizubaa, hasa kwenye joto, sukari inageuka. Huna soda tena, una pombe. Mimi sikuwahi kuharibu hata chupa moja, maana baridi ya Tunduma mnaijua wenyewe.

Sasa tuje kwa wakwe.

Nilikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto. Mama mkwe alikuwa ananiambia mbele za watu, "Kuku wangu kipofu anatotoa. Wewe mwenye macho mawili una nini?" Wifi yangu Fausta anacheka mpaka anashika mbavu. Nikienda Kamsamba nalala nalia, nikirudi Tunduma na macho mekundu nasema ni vumbi la barabarani.

Aliyekuwa ananitetea ni Yonathani peke yake.

Tena mwaka wa mwisho alibadilika, akawa mume haswa. Akitoka safari anaingia jikoni. "Mke wangu, nifundishe na mimi." Ananiparuzia tangawizi mpaka vidole vinawaka. Anauliza kila kitu, hiki kwa nini, kile kwa nini. Nami najibu kila kitu, nimejaa furaha. Majirani wakawa wananionea wivu, wananiambia nimempa limbwata.

Siku moja akaniambia, "Mama amepona operesheni aliyofanyiwa. Tunamfanyia ibada ya shukrani. Tengeneza soda nyingi, mchungaji na wazee wote wanywe kazi ya mikono yako. Watakuheshimu."

Nililia kwa furaha. Nikasema sasa na mimi nitaitwa mkwe.

Nikatengeneza kwa moyo wote. Zilipokuwa tayari Yonathani akasema atazitanguliza na kenta wiki moja kabla, zikakae kwenye friji la mama yake. Sikuwa na neno.

Siku ya ibada Kamsamba joto lilikuwa la kukaangia mayai. Watu wana kiu. Mchungaji akapiga glasi ya kwanza, akafumba macho.

"Dada Enesi, mikono yako imebarikiwa! Niongezee."

Wazee nao wakaongezwa. Mama mkwe akaongezwa mara sijui ngapi, mpaka akaniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Roho yangu ikatulia kabisa.

Mchungaji akasimama kuombea chakula. Akaomba, akaomba, halafu akaanza kulia akimwita marehemu mama yake. Mzee mmoja wa kanisa akalala na uso wake ndani ya sahani ya pilau. Watu wakadhani ni upako.

Ndipo mama mkwe akapanda mezani. Kitenge kikadondoka, yeye anazungusha tu.

Fausta akanusa glasi, akapiga kelele, "Hii ni pombe! Enesi ametunywesha pombe!"

Nikanyakua glasi nikaonja. Utamu wote umekwisha, inakwaruza koo.

Nikamtafuta Yonathani kwa macho anisaidie. Yeye akapiga magoti mbele ya watu, machozi yanamtoka.

"Nisameheni. Nimeficha aibu ya mke wangu muda mrefu. Anapika pombe ndani ya nyumba yangu."

"Yonathani! Unasema nini wewe?"

Hakunitazama.

Mama mkwe, pamoja na ulevi wake, alichukua jagi zima akanimwagia usoni. "Ndiyo maana tumbo lako limekufa! Umeliunguza kwa pombe!"

Na watu walipiga makofi. Waumini, watu wazima na akili zao, walinipigia makofi.

Nilirudi Tunduma peke yangu. Nikakuta kufuli jipya mlangoni na nguo zangu nje, kwenye begi la shangazi kaja. Jumapili nikasimamishwa mbele, nikatengwa na kanisa. Baba yangu mzazi alinipokea bila kunijibu shikamoo.

Nikahamia Mlowo, nikaanza upya na chupa zangu. Kila siku nilikuwa namlaani Fausta. Nilijua ni yeye aliyezitoa kwenye friji. Yonathani nilimwonea huruma, nikasema ametishwa na ndugu zake. Ona ujinga huo.

Baada ya miezi minne nikamwona Fausta anakuja kibandani kwangu. Amekonda.

"Wifi."

"Mimi si wifi yako. Ulizitoa soda zangu kwenye friji, kweli si kweli?"

"Hazikuwahi kuingia kwenye friji mpaka asubuhi ya ibada. Kaka alizipanga stoo, chini ya bati. Alibaki kwetu wiki nzima. Kila siku alikuwa anafungua moja moja, anapunguza gesi, anaongeza sukari, anafunga. Nilimuuliza, akasema ndivyo ulivyomfundisha."

Nilikaa chini. Ndivyo nilivyomfundisha, kweli. Aliniuliza chupa isipasuke unafanyaje, nikamwonyesha kwa mikono yangu hii.

"Kwa nini sasa?"

"Kuna mwanamke, Restuta. Amejifungua juzi, mtoto wa kaka, kidume, ametimiza miezi yake yote. Kaka angekuacha hivi hivi, kanisa lingemtenga yeye. Ilibidi ubaya uwe wako."

Sikuhitaji kalamu kufanya hesabu hiyo: siku ya ibada mimba ilikuwa na miezi mitano.

"Na wewe ulijua, Fausta?"

"Nilipoona mama anacheza, nikajua."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa sikupendi." Akalisema tu, kama anataja bei ya nyanya. "Ila huyo Restuta ametufukuza mimi na mama tulipokwenda kwa kaka kumwona mtoto. Nimekuja tuongozane kwa mchungaji, uwaambie ukweli."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Mama mkwe anafukuzwa na mzazi wa mjukuu aliyemlilia miaka yote!

Nikafungua friji, nikammiminia glasi iliyojaa mapovu. "Kunywa kwanza, safari ni ndefu."

Akaitazama ile glasi. Akanitazama mimi. Hakuigusa.

"Basi nenda," nikamwambia. "Kama wewe unaniogopa na ukweli unaujua, nani atanisikiliza?"

Aliondoka. Mimi niliingia nyuma ya kibanda nikalia, na wala sikumlilia Yonathani. Nililia zile jioni za jikoni, nilivyokuwa namwombea baraka huku ananisomea ramani.

Ndugu yangu, mtu akianza ghafla kuipenda kazi ya mikono yako, mfundishe ukitaka. Lakini usimwachie apeleke mzigo peke yake.