Moto wa Kukaushia Ngoma

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu mzito, tumekaa watatu wa bendi yetu jikoni kwa mama yake Hoza, mpiga ngoma wetu, kule Rangwi, tukingoja ngoma ikauke. Mwanangu, kwa baridi yetu hii ngozi ya ngoma hulegea. Kila baada ya nyimbo mbili Hoza aliipeleka motoni, nasi tukachoma viazi na kutaniana. Mimi, mpiga gitaa, niliona anatuchelewesha.

Jana uliponisikilizisha albamu yenu nilicheka. Magitaa ya umeme yananguruma, mambo ya leo kabisa, halafu mmetia mkwaruzo wa kaseti kwa makusudi ili isikike ya zamani! Sisi mkwaruzo huo tulihangaika kuuondoa. Albamu ni nzuri, nami najivuna. Ila ukasema ijayo mtamwacha mpiga dramu wenu, anachelewa mazoezi, kompyuta itapiga badala yake. Hapo kicheko kikaniishia.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Lushoto yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Nikanunua kinanda cha betri, chenye ngoma zake humo humo. Hakikujua ukungu wala moto. Tulipopata nafasi ya kurekodi Tanga, nikamwambia Hoza gari limejaa. Halikujaa. Alisimama na ngoma yake begani, akatupungia mkono.

Kaseti ilipotoka nikampelekea mama yake, nikitaka sifa, mjinga mimi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Nzuri," akasema. "Inakwenda sawasawa. Mwenzenu yuko wapi humu?"

"Mama, siku hizi kinanda kinapiga chenyewe."

"Haya. Na baridi ikiwashika, mtaota kinanda?"

Nyimbo zetu zote tulizitunga pale motoni, wakati ngoma ikikauka.

Nilimfuata Hoza kwenye shamba la kabichi, nikamwomba radhi. Alipalilia mstari mzima bila kuniangalia. Kisha akasema, "Kuni zimelowa. Kachukue zile za darini." Ndivyo alivyonisamehe. Tulipiga pamoja miaka mingi, harusini na kwenye msaragambo watu wakilima kwa pamoja, lakini nafasi ya kurekodi haikurudi tena. Sasa Hoza tumeshamzika, na kaseti niliyobaki nayo haina pigo lake hata moja. Mkwaruzo upo, Hoza hayumo.

Basi, mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Sauti ya zamani kompyuta itakupa, mwenzako haitakupa. Akichelewa mgombeze, mfuate kwao, mngojeni chai ikiwa jikoni, lakini msimwache. Mpigie simu leo, kabla hujala.

Mungu awalinde nyote, awape uzee mwema, na kila mmoja wenu awe na mwenzake wa kubishana naye wimbo ule ulianzaje.