Novena Iliyopigwa Risasi

Ninyi mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana mkinicheka katikati nitanyamaza. Ndiyo, ni mimi. Kile kitu cha angani kilichofanya askari wafyatue risasi Jumapili mchana na watu wa Bukavu wajifiche chini ya vitanda, mimi ndiye niliyekirusha, na hadi leo nikikumbuka hasira inanipanda mpaka shingoni.

Kila mwaka shirika letu la akina mama wa parokia tunasali novena, sala ya siku tisa. Kila mtu anaandika nia yake, ombi lake kwa Mungu, kwenye karatasi, anaikunja, na siku ya tisa tunazichoma zote kwenye chungu, moshi unapanda kwa Mungu bila mtu kusoma kitu. Basi. Mimi ndiye mtunzaji (sijawahi kufunua hata moja, naapa). Mwaka huu nikajifanya mjanja: niliona kwenye arusi moja kule Kadutu baluni za gesi zikipaa, nikasema, kwa nini tuchome wakati nia zinaweza kwenda zenyewe? Tukafunga baluni nyeupe mfano wa rozari kubwa, na mfuko wa nia ukining'inia chini yake. Tena (hapa ndipo ningejipiga kofi) niliwaambia watu waandike jina na avenue, mtaa wao, ili Mungu asichanganye, maana kwetu akina Furaha tu wako saba.

Rozari ikapanda vizuri, tukapiga vigelegele. Hazikupita dakika mbili, mlimani pa! pa! pa! Siku hizi kwetu kinachoruka bila manyoya kinaitwa droni, na askari hawaulizi. Tukalala kwenye matope na nguo zetu za misa, rozari ikayumba kuelekea kusini mpaka ikaanguka kwenye migomba ya Nyangezi, na watu wa huko wakakimbia wakaacha soko na mihogo yao.

Siku ya tatu akaja komanda mmoja na mfuko wangu mkononi, akatukusanya kwa majina na avenue (nilimrahisishia kazi!) kwenye uwanja wa kapela, sisi na waume zetu na mamamkwe zetu, akaanza uchunguzi, akisoma karatasi moja moja.

"Huyu Mama Maria iko wapi? Alete carte yake ya kitambulisho."

"Mon commandant, huyo ni Mama wa Mungu," nikajibu.

"Nyamaza! Na hii: 'Ondoa huu mulima mbele yangu.' Mulima gani? Position gani?"

Ilikuwa yangu. Kabla sijafungua mdomo akaendelea kusoma: "'Umurudishe kwake Kamituga, amemaliza myezi tisa ndani ya nyumba yangu.'"

Mamamkwe wangu alikuwa amesimama pale pale, mjukuu mgongoni. "Kumbe mulima ni mimi," akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kama angeishia hapo, leo ningecheka pamoja nanyi. Lakini yule bwana alikwisha kujua kwamba si droni, alikwisha kujua kabisa! Aliendelea kwa sababu watu wanacheka. Akachukua karatasi ya Nsimire, rafiki yangu tangu shule ya msingi.

"'Mungu wangu, bwana yangu akubali kupimwa hospitali, watu waache kuniita tasa.' Nsimire ni nani?"

Na wengine wakacheka, nawajua kwa majina. Mume wa Nsimire akatoka langoni bila kumtazama mkewe.

Nikapiga kelele: "Acha! Mumeshaona haiko bombi! Rudisha makaratasi ya watu!"

"Maman, tuko tunafanya ankete," akanijibu.

Ankete! Eti uchunguzi! Wakapakia mfuko kwenye gari wakaenda nao, na mpaka leo hawajaurudisha.

Mamamkwe alinisamehe, alicheka mpaka akakaa chini (na bado yuko kwangu, mwezi wake wa kumi na mbili sasa). Nsimire hapana. Wiki iliyofuata mumewe alihamia kwa mama yake na nguo zake zote. Nilienda nikapiga magoti mlangoni kwa Nsimire, akanitazama akasema, "Karatasi yangu nilikupatia weye. Sikupatia baluni." Akafunga.

Namkasirikia yule komanda, nawakasirikia waliocheka, lakini nikiwa peke yangu jikoni najua wa kwanza kukasirikiwa ni nani. Shirika wameniomba nitunze nia za mwaka ujao, nimekataa. Mwenye neno na Mungu amwambie kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi karatasi ya mtu sitaishika tena.