Vita vya Kanae Juu ya Meza Yetu

Mke wangu alikuwa Karthago, mimi Roma. Hivyo ndivyo tulivyogawana siku ya kwanza, na hatukubadilishana tena.

Nilikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni kaskazini mwa Eldoret, mji ambao sisi tuliotoka magharibi kutafuta kazi tuliuita Sisibo. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha karibuni. Mzungu wa misheni alipohamishwa aliniachia kitabu cha historia ya Warumi kilichotafunwa na mende, na ndani yake mlikuwa na ramani ya vita vya Kanae. Warumi walikuwa wengi, wakasukuma katikati kama ng'ombe kwenye mlango wa boma. Watu wa Karthago, mji wa huku Afrika, walikuwa wachache. Wale wa katikati wakarudi nyuma polepole, Warumi wakazidi kuingia, kisha pande mbili zikawafungia na wapanda farasi wakaziba nyuma. Karibu wote walifia humo.

Nilichora uwanja kwa chaki juu ya meza yetu ya chakula. Punje za mahindi zilikuwa Warumi, maharagwe Karthago, mbegu za maboga wapanda farasi. Kila kundi lilisogea urefu wa kijiti cha kiberiti, na dadu iliamua nani avunjike.

"Mwalimu," mke wangu alisema, amesimama na sufuria mkononi, "unapigania watu wamekufa zamani hivyo. Na mimi nitapakua chakula wapi?"

"Keti ucheze."

"Hawa wa Afrika ni wa nani?"

"Hawana mtu."

Akaweka sufuria chini, akaketi. "Basi ni wangu."

Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kaptagat, na kile kitabu hakukifungua hata mara moja. Alinishinda siku hiyo, na karibu kila Jumamosi ya mvua baada ya hapo. Nilipoujua mtego wake nilisimamisha mahindi yangu mbali, nikakataa kuingia. Yeye akaendelea kuchambua mboga. "Mimi sina haraka," akasema. Mwishowe nilichoka kungoja, nikaingia. Alipokuwa akifikiri alikuwa anashikilia haragwe moja mdomoni, na mara nyingi alilisahau hapo mpaka likaanguka, tukalitafuta chini ya meza.

Alipopata mimba tulianza kulia chakula mkekani, ili meza ibaki na vita vyetu. Jumamosi moja tukiwa katikati ya mchezo, uchungu ulimjia kabla ya wakati wake. Alikuwa amesharudisha maharagwe yake ya katikati, na mimi nimeshaingia. Akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Usiguse," akasema. "Nitakuja kumaliza."

Jirani yetu, dereva wa lori la kubeba mahindi, alitupakia. Barabara ilikuwa matope matupu. Lori lilikwama, tukashuka kusukuma, mke wangu amelala nyuma juu ya magunia akiniambia nisiogope. Hospitali ya Waafrika tulifika tukiwa tumechelewa. Mtoto, msichana, alizaliwa bila pumzi. Mama yake alimfuata kabla jua halijatua. Tuliwazika pamoja kwenye makaburi ya misheni.

Niliifunika meza kwa shuka na nikawa nakula nimesimama jikoni. Mama mkwe alikuja kuchukua nguo za binti yake. Hakuingia, maana kwa heshima ya kwetu mama mkwe haingii kwa mkwewe. Alibaki mlangoni.

"Hiyo umefunika ni nini?"

"Ni mchezo, Mama. Tulikuwa tunacheza."

"Yeye alikuwa anashinda?"

"Ndiyo, Mama. Kila mara."

"Alikuwa hivyo tangu mdogo. Malizia. Usiache mtoto wangu katikati namna hiyo."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, niliondoa shuka. Niliketi kwenye kiti chake kusogeza maharagwe, kisha nikarudi kwangu kusogeza mahindi. Nilidhani najua angefanya nini. Lakini kila nilipogusa haragwe mkono ulisita. Angengoja? Angeita farasi sasa? Miaka yote nilikuwa nimekaa mbele yake nikiyaangalia mahindi yangu, na sikuwahi kumuuliza anawaza nini. Niliwaita wapanda farasi wake mapema mno. Nafasi ikabaki upande mmoja, mahindi yakapenya, yakatoka nje ya mtego. Roma ikashinda.

Ndipo nilipolia, kwa sauti ambayo sikuitoa hata makaburini. Angekuwapo, nisingeshinda.

Nilicheza tena mara nyingi, peke yangu, nikikaa huku na huku. Wakati mwingine Karthago ilishinda, lakini nilijua ni mimi tu niliyejishinda. Ubishi wake ulikuwa umekwenda naye.

Baadaye sana nilioa tena, mwanamke mwema wa kutoka kwetu, ambaye naye alikuwa amefiwa. Alasiri moja alinikuta nimeinama juu ya mbegu zangu. Aliangalia kiti kitupu cha ng'ambo ya meza, akauliza kama huo ni mchezo wa mtu mmoja.

Nikamwambia ndiyo.

Alichukua ufumaji wake, akaenda kukaa karibu na dirisha.