Bi Doa na Mikate ya Mashine

Walimwita Bi Doa kwa sababu hakuweza kupita juu ya doa bila kuinama. Hata akiwa mgeni nyumbani kwa watu, mazungumzo yamekolea, ungemkuta macho yake yako chini ya meza na kidole kinakuna zulia. Miaka kumi na tisa ya kusafisha mazulia ilikuwa imemfundisha kwamba kila doa lina mwenyewe, na mwenyewe siku zote husema si yeye. Basi akawa mtu wa sala, mpole wa maneno, lakini moyoni hakumwamini mtu upesi.

Kazi aliifanya na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyo alirudi kwao ndoa ilipomshinda, akiwa na sanduku moja na mdomo usiojua kupumzika. Bi Doa alimpa chumba, kisha akampa mashine aisukume, na yeye mwenyewe akabaki na ngazi na pembe za kuta, mahali pa brashi ya mkono. Wifi hakuwa na kazi nyingine wala pa kwenda pengine. Wote wawili walilijua hilo, ila hawakulisema.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuzunguka. Chini yake unafunga brashi ya duara, au unafunga pedi, kitu cha mviringo, laini, kinene kama sponji. Brashi ilikuwa ya Bi Doa tangu mwanzo. Aliitunza kama mboni ya jicho. Hata ubao wake ulipopasuka hakuitupa, aliushona kwa waya kwa mkono wake. Pedi zilikuwa mbili, alizileta wifi kutoka kwa fundi wa mashine. Jina hilo la pedi tu lilimtia Bi Doa haya kulitaja mbele ya wanaume, akazibatiza "mikate".

"Huo mkate wako unaupaka uchafu poda tu," alisema. "Brashi ndiyo inayoingia ndani."

"Si kila zulia lina manyoya ya kuchanwa, wifi. Hili la daktari ni vitanzi vitupu, uzi umeingia ukatoka. Wewe kichwa kilichosukwa unakipitishia chanuo?"

"Mimi nimesema brashi."

"Haya, mwenye mashine."

Daktari alikuwa daktari wa meno, na zulia lilikuwa la chumba chake cha kungojea, la kijivu. Walilisafisha kila Jumamosi mchana wagonjwa wakishaondoka. Jumamosi moja daktari akawaita, akawaonyesha kwa ncha ya kiatu. Uzi ulikuwa umechomoka na kusimama peke yake kama unywele wa pua.

"Hili zulia nimelinunua mwaka huu," alisema. "Nini hiki?"

Wifi akasema labda ni visigino vya wagonjwa. Alisema haraka mno. Bi Doa alimtazama, naye akayahamishia macho dirishani.

Kuanzia hapo Bi Doa akawa anafanya kazi kwa masikio. Akiwa juu ya ngazi na brashi yake ya mkono, anasikiliza chini. Mashine ikiwa na brashi hukoroma. Ikiwa na pedi hunong'ona. Jumamosi iliyofuata, kwa daktari, ilikoroma, ikanyamaza, ikanong'ona kidogo, ikakoroma tena. Alishuka mbio kwa magoti yake ya miaka hamsini na kitu, akamkuta wifi anasukuma, anaimba, brashi imefungwa mahali pake. Lakini ndani ya ndoo pedi moja ilikuwa imelowa.

"Imelowaje hii?"

"Ndoo ina maji, wifi. Ulitaka ilowe kwa machozi?"

Jumamosi hiyo nyuzi zikawa tatu.

Usiku Bi Doa hakuwa na raha na sala yake. Kila alipoomba kusamehewa makosa, ya wifi ndiyo yaliyomjia mdomoni. Alijua dhana mbaya ni dhambi. Lakini pia alijua kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake kulikuwa na mtu mmoja tu. Asubuhi wifi alipokwenda kuteka maji, akazichukua pedi zote mbili, akazitia katika sanduku lake mwenyewe la nguo za kutokea, pamoja na vidonge vya kufukuza mende, akafunga. Ufunguo akauning'iniza shingoni.

Alingoja wifi aulize. Wifi hakuuliza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Mwenye mikate yake angekosa kuiulizia? Bi Doa akaona ukimya huo ndio ushahidi wenyewe.

Jumamosi daktari aliwapokea mlangoni.

"Kina mama, tuelewane. Mmoja wenu ananiharibia zulia. Leo nikikuta uzi mwingine, huyo asikanyage tena hapa. Mkishindwa kumtaja, nitatafuta watu wengine kabisa."

Bi Doa akaitika kwa unyonge. Jina alikuwa nalo tayari chini ya ulimi. Na wifi akishakatazwa hapa, alijiambia, atakuwa amejitoa mwenyewe, mimi sikumfukuza.

Mashine ilikoroma mwanzo hadi mwisho. Walipomaliza, daktari akapiga goti kama mtu aliyeangusha pete. Akasimama na kusema, "Tano."

Wifi hakujitetea, yeye ambaye angeweza kubishana na mlango. Alisimama tu, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, anamtazama Bi Doa.

Bi Doa akainama kuifungua brashi, apate muda. Nyuzi tano, na mikate imefungwa sandukuni, ufunguo uko kifuani mwake. Ncha ya mtandio wake ikaangukia nywele za brashi, ikanasa. Akavuta. Uzi mrefu ukachomoka mtandioni, umesimama kama zile nyuzi za sakafuni. Akapitisha kidole polepole kati ya nywele zilizolika. Pale palipopasuka ubao, ncha ya waya wake mwenyewe ilikuwa imejitokeza, kali kama mwiba.

Angeweza kuikunja kwa dole gumba. Hakuna aliyekuwa anaiona.

"Basi nitajieni," daktari alisema. "Ni nani?"

"Ni mimi," Bi Doa alisema, sauti ikiwa ndogo. "Huu waya unaochomoa nyuzi niliutia mimi. Yeye alitaka mikate tangu mwanzo, nami nikaificha."

"Mikate gani tena?"

"Pedi, daktari," wifi akadakia. "Za mashine. Usishtuke." Kisha akasogeza meza ya magazeti. Chini yake palikuwa na duara moja la zulia, safi kuliko kwingine kote, kila kitanzi kikiwa mahali pake. "Hapa nilipita na pedi mara moja tu, wiki ile ilipolowa. Nilitaka kumwonyesha. Akashuka na macho yale, nikaogopa."

"Na nilipozificha? Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza nini, wifi, na sanduku limefungwa, ufunguo umeuvaa kama mkufu? Nilijua. Nikasema akishaniamini atanirudishia."

Bi Doa akaitoa kamba ya ufunguo shingoni, akamvika wifi yake mbele ya daktari. Daktari, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu, akakwaruza kidevu. Akasema atawapa Jumamosi moja zaidi, lakini atasimama hapo hapo aone kwa macho yake.

Jumamosi hiyo alisimama kweli, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Wifi alifunga pedi. Bi Doa alizikata nyuzi zilizochomoka kwa mkasi mdogo, mmoja mmoja, hakuuvuta hata mmoja. Mashine ilinong'ona kutoka ukuta hadi ukuta. Daktari akapiga goti, akatafuta, akatafuta tena, asione kitu. Lakini hakusimama. Alikuwa anavuta hewa puani, uso umemkunjamana.

"Mbona zulia langu," akasema, "linanukia sanduku la nguo?"

Wifi akaizima mashine. "Hilo, daktari," akasema, "muulize aliyeifungia mikate."