Korongo Niliyemzoesha Mkono Wangu

Mwanangu, wewe nisiyekuzaa lakini nakuita mwana, nakumbuka asubuhi moja nilipocheka peke yangu katikati ya matete, mimi ambaye sikuwa nimecheka tangu mazishi ya mume wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Aliyenichekesha alikuwa korongo.

Nikueleze kwanza nilifikaje kule. Mume wangu alikuwa mpiga picha hapa Kisangani: harusi, ubatizo, Idi, na zile picha ndogo za kadi. Homa ilimchukua ndani ya wiki moja. Baada ya matanga wifi yangu, dada wa marehemu, akaniambia, "Nipe Neema akae kwangu Yangambi. Kule iko masomo, iko watoto wenzake. Weye pumuzika kwanza." Neema alikuwa mtoto wetu wa pekee, ana miaka minane. Nilikubali kwa kukosa nguvu ya kukataa. Boti ilipowachukua, nilirudi Mangobo kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili na kufunga mlango. Kilio huanza mfiwa, wanasema, lakini hakuna anayesema kinakwisha lini.

Marehemu aliniachia kamera. Papa Salumu, mwenye studio aliyemfundisha kazi, alinishauri nisiiuze bali nijifunze kuitumia. Zilikuwa enzi za filamu, kabla ya hizi simu zenu. Akanipa filamu na kusema, "Anza na vitu ambavyo havilalamike." Ndipo nikawa natembea saa nzima kila asubuhi, hadi kwenye bwawa lililo nyuma ya mashamba ya mpunga, upande wa mto Lindi. Watu walikuwa wachache kule, na mimi sikutaka watu.

Korongo huyo alikuwa bado mchanga. Manyoya yake ya kijivu yalikuwa na rangi ya vumbi, na shingoni alibakiwa na nyuzinyuzi za utoto. Alikuwa akisimama kwenye maji ya magoti, shingo ameikunja, anangoja. Halafu anachoma mdomo kwa nguvu zote, na unatoka na jani. Anatikisa kichwa, anahama hatua mbili, anangoja tena. Mara hii kijiti. Siku hiyo ya kwanza nilimhesabia mara tisa, na hakupata kitu. Mara ya tisa aliteleza akajikuta amekaa majini kama mtu aliyekosa kiti. Ndipo nikacheka, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Nilimpiga picha chache, lakini kamera ile haikuweza kuvuta kitu cha mbali. Nilitaka nimpate karibu, mdomo ukitoka majini na samaki. Na kusema kweli, nilitaka awe karibu, basi. Ng'ambo ya bwawa alikuwapo Koko Lisungi, mama mzee wa Yanonge, aliyekuwa akivua. Alikuwa anaziba kijito kwa udongo, kisha anachota maji kwa beseni mpaka samaki wanabaki wanarukaruka kwenye tope. Nilimwomba vile visamaki vidogo kabisa, nikaanza kumrushia korongo.

Siku ya kwanza alikimbia. Siku ya tatu hakukimbia. Baada ya majuma mawili alikuwa akisikia nyayo zangu kwenye matete, anakuja mwenyewe kwa miguu yake mirefu, anachukua samaki vidoleni mwangu. Nilimpa jina, sitakwambia lipi. Nilikuwa nikizungumza naye kuliko nilivyozungumza na majirani zangu.

Koko Lisungi aliniangalia siku nyingi kabla ya kusema neno. Kisha akaja, maji yakimchuruzika kwenye kitenge.

"Mama, hii ndege iko mutoto," akasema. "Anajifunza kukamata. Ukimupa kila siku, atajua samaki inatoka mu mukono ya mutu."

"Koko, iko na njaa tu."

"Njaa njo mwalimu yake." Akanitazama kidogo. "Na weye, uko na mutoto?"

"Niko naye. Iko Yangambi, kwa shangazi yake."

"Ulienda kumuona?"

Nikainamia kamera yangu. Ilikuwa imepita miezi saba. Kila mwezi nilimtumia Neema biskuti kwa watu wa boti, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kupanda. Nilijiambia ni kazi. Ukweli, mwanangu, niliogopa kufika na kumkuta anacheka bila mimi.

"Bon, sawa," akasema Koko, akarudi kwenye beseni lake.

Wiki hiyo nilipeleka filamu studioni. Papa Salumu alipozisafisha picha, alizipanga mezani moja moja, miwani ameisogeza puani. Aligusa ile ya kwanza, ya mbali, ambayo ndege alionekana mdogo. "Hii iko korongo," akasema. Kisha akapitisha kidole juu ya nyingine zote. "Hizi iko kuku."

Nilikasirika, lakini niliziangalia. Kwenye ile ya kwanza ndege alikuwa anatazama maji, mwili mzima umekaza kama kamba. Kwenye nyingine zote alikuwa anatazama mkono wangu. Nilizikusanya nikaondoka bila kuaga vizuri, na kesho yake nikaenda tena na samaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mara nyingine guu linalovunjika ni la mwingine.

Malaria ikanilaza siku tano. Siku ya sita nilijikokota hadi bwawani, nikakuta matete na maji tu. Nilikaa kungoja. Koko Lisungi alikuja akakaa kando yangu, na kwa jinsi alivyokaa nikajua.

Alikuwa amepita mvuvi mmoja, mtu wa chini ya mto, na pirogi yake, mtumbwi mwembamba wa kuchonga. Korongo alimfuata ukingoni, akanyoosha shingo na kufungua mdomo. Yule mtu akampiga kafi kichwani.

"Yule mtu alikuwa na hasira?" nikauliza.

"Hapana. Alishangaa. Aliniuliza kama hii ndege iko mugonjwa, sababu haiogope mutu."

Alimpeleka nyumbani kwa ajili ya chungu. Simlaumu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mimi ndiye niliyemfundisha kutegemea, kisha nikalala kitandani siku tano. Nililia pale mpaka kifua kikauma, kilio ambacho hata matangani sikukitoa. Koko hakuniambia "nilikuambia". Alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Tulipomaliza kula akasema, "Boti ya Yangambi inashuka kesho kutwa. Enda."

Nilipanda. Njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomrudisha mtoto wangu: kitanda kitakaa wapi, nitasema nini kwa wifi. Nilimkuta Neema nyuma ya nyumba, anatwanga pondu, majani ya muhogo, pamoja na binamu zake. Alikuwa amerefuka, mikono imepata nguvu. Aliacha mchi, akajifuta, akaja polepole na kunisalimu kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni. Nikatoa biskuti, nikamega, nikampelekea mdomoni kama zamani. Alizipokea kwa mkono wake, akagawia wenzake kwanza.

Kisha akauliza, "Mama, unakuja kunikamata turudi Kisangani, ao unakuja kuniona?"

Nilikuwa na jibu langu tayari tangu Kisangani. Lakini nilimtazama usoni, nikaona anavyoogopa, na sikujua anaogopa jibu lipi. "Nimekuja kukuona," nikasema. Mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

Jioni, wenzake walipokwenda mtoni, alikuja kukaa karibu yangu kwenye mkeka. "Mama," akasema, "hapa watu hawasemake jina ya papa. Nimeanza kusahau sauti yake."

Mwanangu, maneno hayo hayajanitoka hadi leo. Miezi saba nilidhani upweke ulikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nimeushughulikia vizuri, nimeutafutia na ndege, na binti yangu aliubeba wake bila mtu. Usiku ule na siku kumi zilizofuata tulimsema baba yake: alivyokohoa kabla ya kuongea, alivyowadanganya watoto watabasamu mbele ya kamera. Nilirudi mjini peke yangu. Lakini likizo ikifika nilikuwa kwenye boti, na alipofikia miaka kumi na tano alirudi kwangu kwa hiari yake. Leo ana nyumba yake Ubundu. Mimi niko Mangobo, na jioni nyumba ni kimya. Sikufichi, upweke haujaniacha. Tumezoeana.

Basi chukua haya. Usitume biskuti mahali ambapo miguu yako inaweza kufika. Aliye mbali nawe naye amefiwa kama wewe. Mfuate, mlie pamoja. Na ukimpenda aliye mdogo, mwache akose, mwache achome maji mara tisa bila kitu, wewe ukae karibu uone. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukimfanya akuhitaji ili wewe usiwe peke yako, hujampenda bado. Umejipenda kupitia kwake, na siku utakayougua, yeye ndiye atakayelipa.

Mungu akupe moyo wa kwenda kabla hujaitwa. Awalinde watoto wako pale mkono wako usipofika, akupe wazee wa kukuambia ukweli na masikio ya kuwasikia. Na jioni zako zikiwa kimya, zisiwe na majuto. Enda na amani, mwanangu.