Kivuli Kilichopendwa na Nyuki

Majirani walimwita Mama Nta, kwa sababu nguo zake zilinukia mizinga ya nyuki wake hata akivaa za kutokea. Mumewe, fundi cherehani, alishonea barazani huku jua likimchoma kisogo. Siku moja akaja na kijiti cha mmea wa kutambaa, mmea wa kigeni, akakichomeka kando ya nguzo.

Ukashika. Ukafunika paa, ukaruka ua, ukateremka bondeni mpaka kijitoni. Maua yake ya zambarau yalinukia hadi usingizini; Mama Nta akijilaza mchana, aliamka hajui kinachovuma ni nyuki au cherehani. Mizinga ikafurika.

"Umeona?" mumewe akatamba. "Nyuki wako siku hizi wananipenda mimi."

Lakini Mama Nta alipolamba asali mpya, ilikuwa tamu tu, basi. Ule ukali mdogo wa maua ya bondeni, uliozoea kubaki kooni, haukuwepo.

Akashuka kwenda kuangalia. Bonde lilikuwa kimya. Vichaka alivyochuma matunda yake tangu utotoni vilichanua chini ya pazia la zambarau, na maua yakapukutika bila kushika tunda. Nyuki wake walipita juu kwa juu, wakiwahi utamu wa kigeni. Wale nyuki wadogo wasiouma, wenyeji wa magogo ya kule, hakuona hata mmoja. Matundu yao yalikuwa yamezibwa na matawi.

Aliporudi alisimama mbele ya cherehani.

"Baba, nataka kuukata."

Fundi akaacha kukanyaga. "Kivuli changu?"

"Kivuli chako."

"Na asali?"

"Itapungua."

Fundi akainua macho kwenye maua. "Haya. Ila panga nishike mimi. Niliupanda mwenyewe."

Walikata, wakang'oa, ukachipua, wakang'oa tena. Asali ikapungua, wateja wakanuna. Cherehani ikahamia chumbani, ikabanana na kitanda.

Mvua zilipokwisha, Mama Nta alikuta bondeni vitunda vichache, bado vibichi. Na kwenye ufa wa gogo, kitu kidogo kama punje ya mtama kikatoka, kikaruka. Akamwita mumewe kwa mkono.

"Ndiye huyo nyuki asiyeuma?"

"Ndiye."

"Mbona kadogo hivi?"

Akamfinya anyamaze. Wakachuchumaa bega kwa bega, wakisikiliza mvumo mwembamba kama pumzi ya mtu aliyelala.